Sauti Bwana!

Mi nimekulia kibanda umiza, naomba hilo lieleweke kabla hamjanihukumu. Mjomba wangu wa Mbagala ndo alikuwa ananipeleka jioni, Sh 100 kichwa, tunabanana kwenye benchi la ubao mbele ya tivii ya chogo, na mle ndani sheria zilikuwa tatu tu: steringi hafi, adui akishakufa muvi imeisha nyanyukeni, na sauti ikikata mnapiga kelele wote mpaka mwenye kibanda ashtuke usingizini aje achezee waya.

Sasa 2023, mji mzima Oppenheimer Oppenheimer, kaka yake mchumba wangu kanipigia simu. "Shem, twende tukaicheki, tiketi juu yangu." Huyu shem ni mwalimu wa fizikia, mtu wa miwani na maneno ya kuhesabu, nikajua hapa siitwi kuangalia muvi, naitwa kwenye intavyuu. Nikapiga pasi mpaka soksi.

Tukiwa foleni ya bisi ananipa darasa, kwamba huyu Nolan, mwongozaji wa muvi, ule mlipuko wa bomu la nyuklia hakuutengeneza kwa kompyuta, kawasha moto wa kweli, petroli na unga wa madini. Nikasema hapo sawa, hapo tunaelewana.

Dakika 180 jamani. Na karibu mbili ya tatu yake ni wanaume wa suti wanaongea. Steringi mwenyewe Cillian Murphy, mwembamba, kofia kubwa, macho kama ya mtu ambaye hajalala toka Jumatatu, hapigi mtu hata kofi! Mara picha ina rangi, mara nyeusi na nyeupe, nikamnong'oneza shem, "Mtambo wao unasumbua." Hakunijibu. Akasogeza miwani.

Basi ikafika jangwani New Mexico, alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, mvua imewachelewesha, bomu liko juu ya mnara, jamaa mmoja anajipaka krimu ya jua usoni wakati nje bado giza, wanahesabu kurudi nyuma, mafidla yanakimbia, moyo wangu nao unakimbia, nimeshika soda mkono mmoja na bisi mkono mwingine, kumi, tisa, nane... mwanga PAAA! ukumbi mzima mweupe, moto unapanda juu kama uji unaofurika sufuriani, na hapo hapo kimya. Hamna kitu. Unasikia mtu anahema tu.

Nikasubiri. Nikaangalia kushoto, watu wametulia. Kulia, shem katulia. Nikajisemea hawa watu wa ushuani ni waoga sana, wamelipa hela yao yote, spika zimekata pale pale penye utamu, na hakuna anayethubutu kufungua mdomo! Damu ya Mbagala ikapanda. Nikasimama.

"WEEE! SAUTI BWANA! RUDISHA NYUMA!"

Na mluzi juu, ule wa vidole viwili.

Sijui kama nilishamaliza kuutoa mluzi, maana ndo Nolan akanijibu. Ule mshindo ndugu zangu, viti vilitetemeka, mi nilijikuta chini sakafuni nimekumbatia mguu wa shem, soda imeingia kwenye soksi zangu za pasi na bisi zote ziko kichwani kwa mama mmoja wa kiti cha mbele aliyevaa pinki (nahisi alikuwa amekuja kuangalia ile muvi ya Barbie akakosea mlango, na siku hiyo alijuta mara mbili).

Shem kainama taratibu. "Shem. Mwanga unatangulia sauti. Kama radi. Pale walipo ni kilomita 9 hivi, sauti kilomita moja ni sekunde 3, piga hesabu." Nikapiga pale pale chini, 27. Nolan kaivuta zaidi ya hapo lakini hiyo haikuwa saa ya kubishana.

Nikajikusanya, nikamwomba mama msamaha, na kwa vile bomu limeshalipuka nikaanza kuelekea mlangoni, sheria namba mbili. "Unaenda wapi?" Kumbe bado kama saa nzima! Yani adui mwenyewe, yule mzee Strauss anayechezwa na Robert Downey Jr., hata alikuwa hajajulikana kama ni adui. Nikarudi kukaa na soksi imelowa, watu wa suti wakaendelea kuongea.

Kwenye gari ikabidi nijitetee, nikamsimulia kibanda umiza chote, benchi, mjomba, waya. Aliitikia "mmh" mara nne. Baada ya hapo miezi ikapita, habari za posa hazigusiki.

Machi 2024 asubuhi meseji ya shem imeingia: Oppenheimer imebeba Oscar 7, filamu bora, mwongozaji bora, Murphy kachukua, Downey kachukua. Nikaisoma orodha mara mbili. Nikaenda kuperuzi kuhakikisha. Nikamjibu: "Shem, naona ya sauti wamenyimwa. Mi si nilisema?"

Tiki zikawa bluu. Kimya. Safari hii sikufungua mdomo, nimekaa kitandani nahesabu, ishirini, ishirini na tano, thelathini...

Ikaingia: "Jumapili tuma mshenga. Asiwe huyo mjomba."