Nani Anamlipa Anayeitunza?

Wiki jana, kwenye kikao cha bajeti hapa Kisumu, nilisimama nikaomba fungu dogo la kumlipa mtu wa kutunza mfumo wa rekodi za wagonjwa. Ofisa mmoja akanikatiza: "Si hiyo programu ni ya bure?" Kikao kikahamia mafuta ya magari. Nilirudi Kondele kwa miguu, nimejaa hasira.

Mfumo wenyewe, KenyaEMR, umejengwa juu ya programu iitwayo OpenMRS, na mizizi ya OpenMRS iko huku kwetu. Kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka rekodi kwenye kompyuta mwaka 2001. Kazi hiyo ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana ikazaa OpenMRS mwaka 2004, na kufikia 2006 ilikuwa ikitumika Eldoret. Ni programu huria: hununui leseni, na msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha.

Lakini msimbo haujibadilishi. Tulipohamia dolutegravir, dawa mpya ya VVU, kuna mtu aliyeketi akapanga upya orodha za dawa, fomu na ripoti, akajaribu, akakosea, akarudia, ili mama anayefuata dawa zake asiandikiwe mseto wa zamani. Hiyo ni kazi, na mwenye kuifanya ana kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kijana aliyekuwa akitutunzia mfumo kwa fedha hizo aliambiwa arudi nyumbani. Miezi miwili aliendelea kupokea simu zetu bila mshahara, usiku na mchana, kwa sababu anawajua wagonjwa walio nyuma ya zile namba. Nilimpigia mara nyingi. Bado naona haya.

Ugonjwa huu wa kutomlipa mtunzaji si wetu peke yetu. Hitilafu ya Heartbleed ilipofichuka mwaka 2014, dunia iligundua kwamba OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 ikawa zamu ya xz, programu huria ya kubana mafaili: mtunzaji mmoja wa kujitolea, amechoka, na mhalifu akajipenyeza kwa kujifanya msaidizi.

Haya, najua kaunti zina wauguzi wa kuajiri na dawa za kununua. Sibishi. Ila kaunti za ukanda wa ziwa ni 14, tayari zina umoja wao, na Nandi yenye Mosoriot imo. Zikichanga kama tunavyochanga kwenye chama, kila moja kidogo kila mwezi, zinaweza kuajiri waprogramu watatu wa kudumu, na kila wanachokirekebisha kikawafaa pia wagonjwa wa nchi nyingine.

Kikao kingine ni mwezi ujao. Nitasimama tena, na nimemwomba yule kijana aje aketi kando yangu.