Nyuzi za mgomba na poliesta: mchanganyiko uanzie wapi?

Mkungu wa matoke ukishakatwa, iwe Isingiro au Bushenyi, shina lililouzaa halizai tena. Ndani ya maganda ya shina hilo kuna nyuzinyuzi imara ambazo karakana za Uganda tayari zinazifumia mazulia na mikeka. Sasa linajadiliwa jambo zito zaidi: kuzichanganya na poliesta zitoe vitambaa vya makochi, mito na mapazia. Wanaounga mkono wanasema poliesta itatoa uimara na bei nafuu. Wanaopinga wanasema tunakichafua kitu safi kwa plastiki. Kila upande una haki yake, ila wote wanapita haraka juu ya swali linaloamua ubora wa kitambaa: mchanganyiko ufanyike kwenye kusokota au kwenye kufuma?

Tuanze na kusokota. Unene wa uzi hupimwa kwa teksi, yaani gramu za mita 1,000. Uzi wa teksi 60 unafaa kochi. Unyuzi mmoja wa pamba una takriban teksi 0.17, kwa hiyo uzi huo ukikatwa utakuta nyuzinyuzi zaidi ya 300 zimeshikana. Unyuzi wa mgomba uliokwanguliwa tu bila kulainishwa hufikia teksi 15, kwa hiyo zinatosha nne tu. Nne hazishikani. Uzi unakatika mashinani, na ukifika kwenye kitambaa unachoma ngozi. Dawa yake ni kuzichemsha katika soda kali ili gundi inayozifunga itoke na zigawanyike, kisha kuzikata zilingane na poliesta ya milimita 38. Inawezekana, lakini inakula maji, kuni na dawa, na maji machafu yenye soda hayafai kumwagwa mtaroni kabla ya kuondolewa ukali. Karakana ndogo isiyo na tangi la kuyatibu isiianze kazi hiyo.

Njia ya pili ni kuchanganya kwenye kitanda cha kufumia: poliesta iwe mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotangulia kutandazwa kitandani, na nyuzi za mgomba au pamba ziwe mshindio, yaani nyuzi zinazopitishwa kukatiza mtande. Mtande ndio unaovutwa na kusuguliwa na mashine, na poliesta inavumilia. Mshindio hausumbuliwi hivyo, kwa hiyo hata uzi mnene wa mgomba unapita. Tunaipendelea njia hii, na sababu mojawapo ni rangi. Poliesta hupakwa rangi yake kwa nyuzijoto 130 (Selsiasi) ndani ya chombo chenye shinikizo. Pamba hushika rangi kwa nyuzijoto 60, pamoja na chumvi na magadi. Zikishasokotwa pamoja, lazima upike mara mbili. Zikiwa zimetengana, unanunua mtande wa poliesta uliotiwa rangi kiwandani kabla unyuzi haujaundwa, kisha unapaka mshindio peke yake kwenye sufuria.

Hata hivyo nyuzi za mgomba zina udhaifu ambao poliesta haiwezi kuufunika. Zina nguvu zikivutwa polepole, lakini hurefuka kwa asilimia chache tu kabla ya kukatika, wakati poliesta hurefuka zaidi ya asilimia 20. Mtu akikaa, kitambaa cha kalio la kochi, yaani sehemu ya kukalia, hutanuka na kukunjika mara maelfu. Mshindio wa mgomba utakatika kwanza kwenye kona, pale fundi wa makochi wa Nsambya, Kampala, alipovuta na kupigilia. Kwa hiyo utumike mgongoni mwa kochi, kwenye mito ya mapambo na mapazia. Kalio lipewe mshindio wa pamba.

Unyevu nao una pande mbili. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba maji kama asilimia 8 ya uzito wake, na poliesta asilimia 0.4. Ndiyo maana kitambaa cha asili hakimtoi mtu jasho mgongoni, na ndiyo maana kinashika koga nyumba ikifungwa wakati wa mvua.

Moto ndio unaotutia wasiwasi zaidi. Poliesta pekee huyeyuka na mara nyingi hudondoka ikijitenga na mwali. Ikichanganywa na pamba au mgomba, makaa ya nyuzi za asili huishikilia iliyoyeyuka kama utambi unavyoshika mafuta, na kitambaa kinaweza kuwaka vibaya kuliko kila kimoja peke yake. Pazia la mchanganyiko lisikaribie mshumaa wala sigiri.

Wapinzani wana hoja nyingine nzito: kitambaa mchanganyiko ni kigumu kurejelezwa, na kila kikifuliwa hupoteza vipande vidogo vya plastiki. Watafiti wamekwisha kukuta plastiki ndogondogo kwenye sangara na sato wa Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Kwa kitambaa kinachofuliwa kila wiki, kama foronya, tunakubaliana nao: kiwe pamba tupu.

Kwa mkulima, hofu ni kwamba shina likiondoka shambani, matandazo na potasiamu vinaondoka nalo. Lakini kilo 100 za shina bichi hutoa takriban kilo moja tu ya nyuzinyuzi kavu. Mashine ya kukwangua ikikaa shambani, karibu mabaki yote hurudi chini ya migomba, na maganda hukwanguliwa siku ileile kabla hayajageuka kahawia. Mashine ikiwekwa Kampala, mkulima anapoteza matandazo na mnunuzi analipia lori linalobeba zaidi maji ya shina.

Anayenunua kitambaa achomoe uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, auchome kila mmoja peke yake. Wa asili unanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha tone jeusi gumu. Kama nyuzi zote mbili zinaacha tone pamoja na majivu, zimechanganywa tangu kusokotwa. Kabla ya kukata, kitambaa chenye mshindio wa pamba kilowekwe na kukaushwa kivulini, la sivyo kitarudi, yaani kitapungua, baada ya ufuaji wa kwanza na mishono itavutana.