Mate yasikauke

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Columbus, Ohio, kuna bibi wa miaka 88 ambaye kila nikiingia kumvalisha soksi ananiuliza kama nimeshasikia habari ya nguruwe na mchungaji. Nimeisikia sijui mara ngapi. Namwambia bado, kwa sababu nataka kuisikia tena.

Ilikuwa 1943, yeye ana miaka 7, shambani kwao. Jumamosi jioni maji yalichemshwa, yakamiminwa kwenye beseni kubwa la bati katikati ya jiko, na watoto watano wakaoga kwa zamu ndani ya maji yale yale, mkubwa kwanza, kitinda mimba mwisho. Siku hiyo mama yao alipotoka kufungia kuku, yeye na kaka yake wakaona maji bado yana vuguvugu na ni hasara kuyamwaga. Wakaenda zizini, wakabeba mtoto wa nguruwe, wakamwogesha kwa sabuni iliyowekwa kwa ajili ya wageni, wakamvisha gauni jeupe la ubatizo ambalo lilikuwa limevaliwa na watoto wote wa ukoo ule. Kumbe mchungaji alikuwa amepita kusalimia, amekaa sebuleni na kikombe cha kahawa. Nguruwe akaponyoka. Hapo bibi huwa hawezi kuendelea. Ananishika mkono, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, mpaka pumzi irudi.

Halafu anamalizia na simu. Enzi hizo vijijini huku nyumba kadhaa zilichangia waya mmoja wa simu. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, mirefu miwili na mfupi mmoja, au vinginevyo, lakini aliyetaka kusikia ya jirani aliinua tu mkono wa simu polepole na kuziba mdomo. Mchungaji hajafika kwake, habari za nguruwe mwenye gauni zilikuwa zimeshazunguka kijiji kizima.

Mimi nimekulia Korogwe na simu hatukuwa nayo, lakini nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza nilijiona nyumbani. Mwaka 1985, nina miaka 9, mama alinituma mafuta ya taa. Akatema mate chini, palepale mlangoni, akaniambia: "Haya, mate haya yasikauke kabla hujarudi." Nikatoka mbio na chupa yangu. Njia ya dukani ilipita karibu na stesheni, na treni ya kwenda Moshi ilikuwa imesimama. Dada mmoja muuza machungwa akaniambia nimshikie sinia mara moja, akakimbilia behewa lingine kudai hela zake. Abiria akanyoosha mkono dirishani, akachukua machungwa mawili, akaanza kujipapasa mfukoni, na treni ikaanza kutembea. Nikakimbia nayo, sinia kichwani, chupa mkononi, napiga kelele "Baba, hela! Baba, hela!" Hela niliipata, ilirushwa ikaangukia kwenye kokoto. Chupa ndiyo iliyopasuka. Nilirudi nyumbani nimeshika kizibo.

Nilichapwa mara mbili. Kwanza na jirani aliyeniona stesheni, kisha na mama, ambaye nilimkuta anajua kila kitu kabla sijafungua mdomo. Mate yalikuwa yameshakauka zamani. Leo mama akisimulia kisa hicho anaigiza hata nilivyokuwa nimekishika kile kizibo, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeleta zawadi.

Nimekaa Marekani miaka ishirini sasa. Nilipokuja nilibeba maboksi kweli, kwenye ghala, usiku, kabla sijasomea kazi hii ya kuhudumia wazee. Nyumbani tunaambiwa Marekani ni dunia nyingine kabisa na mimi niliamini hivyo kwa muda mrefu. Ni wazee hawa walionifungua macho. Mmoja alikulia Cleveland miaka ya 1950. Anasema likizo ya kiangazi mama yake aliwapa chai, akawatoa nje, akafunga mlango wa wavu, na sharti lilikuwa moja: taa za barabarani zikiwaka, kila mtu kwao. Kiu walimaliza kwenye mpira wa kumwagilia bustani. Kwetu sharti lilikuwa adhana ya magharibi, na kiu tulimaliza kwenye bomba la msikiti. Yeye alikuwa na baiskeli aliyoifunga karata ya mchezo kwenye spoki ili ilie kama pikipiki. Kaka yangu alikuwa na ringi ya baiskeli na kijiti, na mlio aliutoa mdomoni.

Hata chakula kimetukutanisha kwa namna ambayo sikuitegemea. Bibi wa nguruwe aliniambia siku moja kwamba kwao mahindi ya njano yalikuwa ya mifugo, nguruwe hasa. Nikamweleza kwamba miaka ya mwanzo ya 1980, njaa ilipotubana, tulikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, na sisi watoto tuliuita Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Alinyamaza. Kisha akaniuliza kwa upole sana: "Ulikuwa mtamu?" Nikamwambia kwa tumbo tulilokuwa nalo, ulikuwa mtamu. Akanipigapiga mkono, akasema amefurahi kwamba ulifika.

Sitaki mtu anielewe vibaya, kwamba zamani yote ilikuwa asali. Kuna mzee mweusi upande wa pili wa korido, wazazi wake walihama Mississippi wakaja kaskazini, na kila kiangazi walirudi kwa gari kumwona bibi yake. Hadithi yake ni ya kuku wa kukaanga. Mama yake aliwapakia kuku, mayai ya kuchemsha na keki kwenye maboksi ya viatu, na watoto wakagombania nyuma ya gari nani apate paja. Wakisikia haja, baba alisimamisha gari kando ya msitu. Anasema alidhani wao ndio familia yenye bahati kuliko zote, inayokula pikniki njia nzima. Alikuwa mkubwa alipoelewa kwamba kulikuwa na migahawa na vyoo njiani ambavyo wao hawakuruhusiwa kuingia, kwa sababu ya rangi yao, mpaka sheria ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi huo. Wazazi wake waliligeuza jambo lile kuwa sherehe ili watoto wasilione. Anaisimulia akicheka, na anapofika hapo kwenye wazazi wake sauti yake inabadilika. Mimi nami nilikumbuka mabasi ya kwenda kwa bibi, chapati kwenye hotipoti na kuku aliyefungwa gazeti, lakini nilikaa kimya. Safari zetu hazikuwa na kitu cha kufichwa.

Tena utoto ule uliua watoto. Wazee hawa wanakumbuka mabwawa ya kuogelea yakifungwa kiangazi kwa hofu ya polio, kabla chanjo haijatangazwa mwaka 1955. Wanakumbuka kupanda nyuma ya pikapu, nywele zikipepea, bila mkanda wowote. Kwetu surua ilipita mtaani kama mgeni wa kila mwaka. Chanjo na viti vya watoto ndani ya gari navipokea kwa mikono miwili, na Mungu awabariki waliovileta.

Ila kuna kitu kimoja kimeondolewa pamoja na hatari hizo, nacho ndicho kinachoniuma: mtoto kuachwa atoke. Miaka ya 1980 picha za watoto waliopotea zilianza kuchapishwa kwenye maboksi ya maziwa, kwa hiyo kila familia ilikunywa chai ikitazamana na mtoto aliyepotea. Hofu ikaingia mezani na haijatoka. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 8 nilimwacha acheze mpira kwenye uwanja wa majani mbele ya nyumba yetu, mimi niko jikoni, dirisha wazi. Mpita njia akapiga simu polisi. Askari aliyekuja alikuwa na heshima, aliuliza maswali mawili matatu akaondoka, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka usiku. Kwetu mtu mzima akimwona mtoto peke yake anamuuliza "We mtoto wa nani?" Huku alinipigia simu polisi mtu ambaye hakunibishia hodi.

Si mimi peke yangu ninayeliona. Mwaka 2018 jimbo la Utah lilipitisha sheria ya kusema wazi kwamba mtoto kwenda shule kwa miguu au kucheza uwanjani bila mzazi hakumfanyi mzazi awe amemtelekeza, na majimbo mengine yakafuata, Texas mojawapo. Fikiria, kumtuma mtoto dukani kunahitaji bunge.

Na ninyi mlio nyumbani, nawaombeni sana, msikimbilie haya tunayoyalilia huku. Nilipokuja Dar likizo iliyopita, nilikaa kwa ndugu yangu mwenye mtoto wa darasa la tatu. Gari la shule lilimpitia saa kumi na moja alfajiri, likamrudisha jua linazama, kisha tuisheni, kisha katuni, kisha kulala. Geti limefungwa, ukuta una vipande vya chupa juu. Nilimwomba yule mtoto anichekeshe kidogo, anisimulie kisa chochote kilichompata. Akafikiri sana, mpaka nikamwonea huruma, akanisimulia katuni.

Ndipo nilipoelewa kwamba zile hadithi zote, ya nguruwe, ya machungwa, hata ya karata kwenye spoki, zilitokea pale ambapo mkubwa hakuwepo kwa dakika kumi. Mama alitoka kufungia kuku. Mama alibaki mlangoni na mate yake.

Basi mwezi wa tano mwaka huu, Jumamosi, nilimtuma binti yangu. Ana miaka 10. Duka la Msomali liko mitaa miwili kutoka kwetu, nilihitaji tui la kopo kwa ajili ya wali, nikampa noti ya dola 10 nikamwelekeza. Huwa anarudi na mimi kwa dakika kumi na tano. Dakika thelathini zikapita. Nilishazima jiko na kuvaa viatu mlango ulipofunguliwa, akaingia akihema, goti lina tope, kopo moja mkononi badala ya mawili.

Bata bukini. Wale wakubwa wenye shingo nyeusi, ambao hapa Ohio wamejaa kila penye bwawa, walikuwa na vifaranga wao kwenye njia ya miguu. Dume likamfuata likilia, mabawa wazi. Akakimbia, likakimbia. Akapanda juu ya benchi, likasimama chini linamngoja. Mzee mmoja wa Kisomali akatoka dukani na ufagio, akaanza kubishana na bata kwa Kisomali. Kopo moja lilikuwa limebiringika mpaka bwawani na liko huko mpaka leo.

Alinisimulia mara tatu, na kila mara bata alizidi kukua. Kaka yake alipotoka chumbani akasimuliwa upya, kwa vitendo, juu ya kochi. Kisha akasema lazima bibi ajue. Korogwe ilikuwa usiku tayari, lakini mama alipokea simu, akawasha taa tumwone uso, akasikiliza mpaka mwisho amefunika mdomo kwa upande wa khanga.

"Sasa mjukuu wangu," akasema, "mama yako alipokutuma, alitema mate?"

Binti yangu akanitazama mimi, akatazama kapeti, akarudi kwenye simu. "Mate gani, bibi?"

Nikamsikia mama anavuta kigoda karibu. "Kaa chini," akamwambia. "Mama yako alikuwa na miaka 9."