Chewa wa mita 80 haachiwi

Naupenda uvuvi wa jigi kuliko uvuvi mwingine wowote. Unadondosha kipande cha risasi chenye umbo la samaki, gramu 200 au 300, kinazama hadi kinagonga mwamba. Hapo unaanza kukikupua kwa fimbo, nacho kinayumbayumba kama samaki aliyejeruhiwa. Ngisi wa chambo huhitaji. Kuna kolekole wa huko chini wasioweza kukiona kikipita wakanyamaza.

Mara ya kwanza nilitoka Nungwi na jigi ya gramu 150, nikijiona fundi. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na kati ya Unguja na Pemba huna nguvu za kushindana nao. Nahodha aliutazama mshipi wangu ukilala nyuma ya boti, akasema, "Mwanangu, chuma chako kinatembea, hakizami." Alikuwa na chubwi lake kubwa, kizito cha kuzamishia, na mshipi wa mkono, na tayari alishapandisha changu wawili. Siku hizi nabeba gramu 300 na mshipi wa kusuka, mwembamba, usioshikwa sana na maji.

Ugomvi wangu ni na wenzangu wa fimbo, hasa tunaopenda kusema, "Mimi navua na kuachia." Kwa kolekole, sawa, ukimrudisha upesi huondoka kwa hasira zake. Nguru hana bondo kabisa, ule mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki, kwa hiyo kupandishwa kutoka kina hakumpasui. Ole wako tu kama hukufunga waya, maana meno yale hukata mshipi kama wembe. Lakini chewa?

Hesabu yake ni nyepesi. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa tuliyo nayo juu. Kwenye mita 80 chewa anabanwa mara tisa kuliko sisi botini. Ukimpandisha, hewa iliyomo kwenye bondo lake inatanuka mara tisa, naye hana pa kuitolea. Macho yanamtoka, tumbo la chakula linasukumwa hadi mdomoni. Wapo wanaolitoboa hilo kwa sindano wakidhani ndilo bondo. Siyo. Wanamtoboa tumbo samaki ambaye tayari ana shida za kutosha.

Nililiona hilo vizuri siku rafiki yangu alipopandisha chewa mkubwa, akapiga picha tatu, akambusu (ndiyo, akambusu), akamtupa majini. Samaki akaelea ubavu, akipiga mkia bila kwenda popote. Tulizunguka na boti tukamwopoa. Nahodha hakusema neno, alitoa kisu tu.

Tena yule mkubwa ndiye ghali zaidi kwa mwamba. Aina nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakua. Ukiwamaliza wakubwa, umepunguza madume.

Njia ya kuwarudisha ipo: kreti tupu la plastiki, mawe pembeni, kamba ndefu. Unalifudikiza juu ya samaki na kulishusha naye ndani. Akifika chini bondo linajibana tena, anatoka mwenyewe kwa upande ulio wazi. Nimefanya hivyo mara mbili. Inachosha, mkondo unalivuta kreti, na wateja wa boti huwa wameshaanza kuulizia chakula. Ndiyo maana naona ni afadhali kuacha kumtafuta. Tukipata chewa mmoja wa kitoweo, basi, tunahama mwamba. Jigi tunaipandisha kwa kasi katikati ya maji, tunawinda kolekole, nguru na jodari wanaopita.

Nahodha bado analicheka kreti langu. Safari iliyopita nililikuta limejaa mishipi na maembe yake.