Mkia Usikatwe

Shemeji yangu ni mpiga picha wa harusi, na wanyama huwapiga kama maharusi: watulie, wageukie mwanga, macho yang'ae, kisikatwe kitu. Twiga aonekane kuanzia pembe hadi kwato. Kwato zikikosekana, picha inafutwa. Shata yake, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, ni 1/1000 ya sekunde, kila unywele uhesabike. Mimi simba aliyeganda hivyo namwona yuko kwenye pasipoti. Nataka mwendo. Nashusha shata hadi 1/8 ya sekunde, namfuata mnyama kwa kamera anavyokimbia, miti ya nyuma inageuka mistari na yeye anabaki rangi inayopita. Hiyo ndiyo sanaa. Shemeji huziita "picha za kwenye bajaji".

Ubishi huo tuliupeleka Ziwa Manyara. Ukipita geti unaingia moja kwa moja msituni, kwenye mikuyu mikubwa inayonyweshwa na chemchemi za chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Asubuhi kweupe, humo ndani kama magharibi. Shemeji, kwa kuilinda shata yake, akapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400. Picha zikajaa chengachenga. Nilicheka kwa adabu, kwa kuwa ni kaka wa mke wangu.

Ila 1/8 haitaki mkono unaotetemeka, na ndani ya gari tripodi haina pa kusimama. Wapiga picha wa porini hulaza lenzi juu ya kifuko cha nafaka. Kifuko unasafiri nacho kitupu, nafaka unanunua huko huko. Pale Mto wa Mbu nilishauriwa maharage. Nikachukua mchele, kwa hesabu kwamba tukirudi nyumbani utakuwa pilau.

Nyani wakashuka barabarani, kundi zima. Dereva akazima gari. Nikamfuata jike mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, jicho kwenye kamera, kidole kimeganda kwenye kitufe, nikaanza kuona picha ikiwa ukutani kwenye maonyesho. Mara lenzi ikaanza kuteremka. Nikatoa jicho. Dume limepanda boneti, na mkono wake mweusi umeshika upande wa pili wa pilau yangu.

Nikavuta. Akavuta.

"Mzee, ni marufuku kulisha wanyama!" dereva akapiga kelele.

"Simlishi, ananinyang'anya!"

"Basi mwachie!"

"Nikimwachia si ndiyo nimemlisha?"

Hadi leo naona hoja yangu ilikuwa na mashiko kisheria. Nyani hakuijibu, alinionyesha meno, marefu kuliko ya chui niliyewahi kumwona kwenye kalenda. Mshono ukaachia. Mchele ukaruka hewani, ukaingia kwenye shati, kwenye kikombe cha dereva, kwenye lenzi. Dume likaondoka na kitambaa.

Muda wote huo kamera yangu ilikuwa inapiga yenyewe kwa 1/8, na kati ya picha hizo ipo moja: mstari wa kahawia unakata kijani kibichi, juu yake michirizi myeupe ya mchele. Sijapiga nzuri kuliko hiyo. Nyumbani waliigeuza juu chini, wakanirudishia.

Na shemeji? Badala ya kunisaidia alibadilisha lenzi, akaweka ile fupi ya ukumbini, akapiga mfululizo. Jioni picha ilikuwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. 1/1000. Macho ya nyani makali, macho yangu makali zaidi, mdomo wazi hadi jino lililozibwa linaonekana, punje za mchele zimesimama hewani moja moja. Mama mkwe akaandika: "Mkwe amekonda."

Nilichoudhika nacho ni kingine. Nyani yupo mzima, mkia wote hadi ncha. Mimi nimekatwa nusu, na kiwiko kimoja hakipo. Nikampigia simu.

"Shemeji," akasema, "tulienda kupiga wanyama."