Bibi yangu wa Leipzig na kobe wake

Nimesoma makala yenu kuhusu Wajerumani kulipia mbwa kodi ya manispaa, na msomaji mmoja hapo juu kaandika kwamba wanadekeza wanyama kwa kukosa watu. Simkubalii. Bibi yangu mzaa mama aliishi Leipzig, Ujerumani (baba ni wa Unguja, alikwenda huko kusoma), na nyumba yake ilijaa wajukuu kila likizo.

Kodi ya mbwa aliilipa kabla ya bili ya umeme. Mbwa mwenyewe alikuwa dachshund mzee, wale wenye miguu mifupi na mwili mrefu, tumbo likiburura theluji, na jioni Oma (ndivyo Wajerumani wanavyomwita bibi) alimsomea gazeti kwa sauti. Kurasa za michezo aliziruka, maana mbwa hapendi mpira. Aliyasema hayo kwa dhati nasi tukaamini.

Lakini kobe! Kila Novemba Oma alimlaza kwenye boksi la udongo na majani makavu, akaliingiza kwenye friji ya zamani kule chini. Si ukatili jamani. Kobe wa nchi za Mediterania hulala kipindi chote cha baridi, na nyuzijoto 4 hadi 6 humfaa, ilimradi friji ifunguliwe mara kwa mara apate hewa. Oma alimpima kwa mizani ya jikoni, akaandika gramu daftarini, akamtakia usiku mwema. Akipungua uzito kidogo tu, bibi wa watu halali.

Kobe akiamka aliogeshwa maji ya uvuguvugu, nasi tukakatiwa keki, hata iwe Jumanne. Nampenda mno yule bibi.