Baiskeli Zisizo na Cheni: Je, Faida Yake Inalingana na Gharama?

Cheni ya baiskeli ina kasoro ambazo kila mpanda baiskeli anazijua: huchafua suruali na mikono, hushika kutu ikinyeshewa, hurefuka kadiri pini zake zinavyolika, na huchomoka au kukatika mahali ambapo fundi hayupo. Ndiyo maana kila baada ya miaka kadhaa hujitokeza mtengenezaji anayetangaza kwamba zama za cheni zimekwisha, na kwamba mkanda, shafti (fimbo inayozunguka na kupeleka nguvu ya pedali kwenye gurudumu la nyuma kwa gia) au waya wa umeme utachukua nafasi yake. Madai hayo hayafai kupuuzwa, kwa kuwa baadhi yake yana ukweli mzito. Hata hivyo, mnunuzi anayetakiwa kulipa zaidi ana haki ya kujua analipia nini hasa, maana mara nyingi faida anayoahidiwa haitokani na kuondolewa kwa cheni, bali na mabadiliko mengine yaliyofanywa sambamba na hilo.

Mjadala huu una zaidi ya karne moja. Hans Renold alibuni cheni yenye vibiringishi mjini Manchester mwaka 1880, na miaka 20 haikupita kabla ya viwanda kuanza kutafuta njia ya kuiacha. Kampuni ya League Cycle ya Hartford, Marekani, ilitoa baiskeli ya shafti mwaka 1893, kisha kampuni ya Albert Pope ikaichukua teknolojia hiyo na kuiuza kwa jina la Columbia Chainless. Matangazo ya mwaka 1898 yaliiuza kwa dola 125, wakati Columbia ya cheni iliuzwa kwa dola 75. Baiskeli hizo zilifanya kazi vizuri na zilipata wateja wa kweli, kwa hiyo si haki kuziita ndoto iliyoshindwa. Kilichozizuia kuenea ni kwamba gia za shafti zilihitaji kuchongwa kwa usahihi mkubwa, na usahihi huo ulikuwa ghali, huku cheni ikiendelea kuwa bora na rahisi mwaka hadi mwaka.

Ugumu wa shafti unatokana na maumbile yake, na unaeleweka kwa hesabu fupi. Mtu mwenye uzito wa kilo 80 akisimama juu ya pedali yenye mkono wa milimita 170, anaizungusha ekseli kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 133. Gia ya mbele yenye meno 40 ina nusu kipenyo cha takriban milimita 81, kwa hiyo cheni inavutwa kwa nyutoni 1,650 hivi, ambazo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 168 kwenye cheni hiyo. Mzigo huo unagawanywa kwa meno mengi yanayoshika cheni kwa wakati mmoja. Gia ya shafti, kwa upande wake, lazima iwe ndogo ili isigonge mguu wa mpandaji. Ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 40, nguvu kwenye meno yake inakuwa maradufu, na inabebwa na jino moja au mawili tu. Isitoshe, meno ya mshazari yanapokutana husukumana yakitaka kuachana, na hivyo fremu haina budi kuwa ngumu na beringi kuwa imara kuliko kawaida. Uzito wa baiskeli za shafti unatoka hapo, wala si uzembe wa wabunifu.

Katika upande wa ufanisi, cheni ni mshindani mgumu kuliko watu wengi wanavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakiongozwa na James Spicer walichapisha mwaka 1999 vipimo vilivyoonyesha kwamba cheni ilihamisha kati ya asilimia 81 na asilimia 98.6 ya nguvu iliyoingizwa, kutegemea ukubwa wa gia na mkazo wa cheni yenyewe. Mfumo wowote mbadala unaoahidi ufanisi mkubwa zaidi, basi, unagombania asilimia moja au mbili za mwisho. Mwaka 2018 kampuni ya CeramicSpeed ilionyesha mfumo wa shafti ya kaboni wenye beringi ndogo badala ya meno ya kawaida, ikidai ufanisi wa asilimia 99. Ulikuwa ubunifu wa kuvutia sana, lakini ulioonyeshwa ulikuwa mfano wa majaribio, na mnunuzi wa baiskeli ya matumizi ya kila siku hawezi kupanda mfano wa majaribio kwenda kazini.

Mahali ambapo shafti imethibitisha thamani yake ni kwenye baiskeli za kukodisha. Kampuni ya Mobike ilipoanza kazi mjini Shanghai mwaka 2016, baiskeli zake za kwanza zilikuwa na shafti na matairi yasiyojazwa upepo, kwa sababu lengo lilikuwa baiskeli iachwe barabarani muda mrefu bila kuguswa na fundi. Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki: mwenye maelfu ya baiskeli hulipia kila safari ya fundi wake, na anayepanda hanunui baiskeli, kwa hiyo hajali bei yake. Lakini baiskeli hizo zilikuwa na uzito wa karibu kilo 25, wapandaji wakalalamikia uzito wake, na mwaka huohuo kampuni ikaleta toleo jepesi na la bei nafuu zaidi lililorudi kwenye cheni. Naona mfano huu kuwa na uzito kuliko vipimo vya maabara, kwa kuwa unatoka kwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuishikilia shafti, na bado gharama na uzito vikamlazimisha kutafuta njia nyingine.

Mkanda ni jambo tofauti, na ndio mbadala unaostahili kupimwa kwa makini zaidi. Bridgestone ya Japani iliuza baiskeli za mkanda tangu miaka ya 1980, lakini mkanda ulipata nguvu mpya pale kampuni ya Gates ya Marekani ilipoleta mkanda wenye nyuzi za kaboni ndani ya poliyurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka. Nyuzi hizo hazirefuki kama cheni inavyorefuka, hazishiki kutu na hazihitaji mafuta. Tope likiingia kwenye meno huoshwa kwa maji na safari ikaendelea. Watengenezaji wanadai kwamba mkanda hudumu hadi mara tatu ya cheni. Kwa mtu anayepanda kila siku, mvua na jua, akiwa amevaa nguo za kazini, usafi na ukimya wa mkanda si anasa, na anayeubeza mara nyingi ni yule anayepanda siku za mapumziko na kuwa na muda wa kuisugua cheni yake.

Hata hivyo, mkanda una masharti. Hauwezi kukatwa na kuunganishwa tena kama cheni, kwa hiyo fremu lazima iwe na mpasuko upande wa nyuma ili upitishwe. Gia za mbele na za nyuma zinapaswa kunyooka kwenye mstari mmoja, na mkazo wa mkanda hauna budi kupimwa, maana ukilegea huruka meno, ukikazwa mno huzielemea beringi. Ukikunjwa vibaya wakati wa kufungwa, nyuzi za kaboni huvunjika ndani bila kuonekana nje, na mkanda hukatika baadaye bila onyo. Mkazo huo wa kudumu pia una gharama ya nguvu: katika vipimo vya maabara ya Friction Facts kwa mzigo wa wati 250, mkanda ulipoteza takriban wati 1 zaidi ya cheni safi. Kwa mpandaji wa kawaida hicho ni kiasi kidogo kisichofaa kumkosesha mtu usingizi. Kwa mshindani wa mbio ni sababu ya kutosha kuukataa.

Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba mkanda hauwezi kuruka kutoka gia moja hadi nyingine kama cheni ya gia za nje. Anayetaka gia nyingi hana budi kununua gia zilizofungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, au kisanduku cha gia kilichowekwa kwenye fremu, penye ekseli ya pedali. Vifaa hivyo vipo na ni vizuri mno: kitovu cha Rohloff kina gia 14 zenye upana wa asilimia 526, yaani gia nzito kabisa ni mara 5.26 ya ile nyepesi kabisa, na kisanduku cha Pinion chenye gia 18 kinafika asilimia 636. Lakini ni vizito na ghali, na baadhi ya gia zake hupoteza nguvu kuliko tofauti yote iliyopo kati ya mkanda na cheni. Bei ambayo mnunuzi anaiona dukani ikiwa imeandikwa "baiskeli ya mkanda", kwa sehemu kubwa, ni bei ya gia hizo.

Hapa ndipo ninapoona kwamba ulinganisho unaofanywa na wauzaji unapotosha. Wanachukua baiskeli ya mkanda yenye gia za ndani, wanaiweka kando ya baiskeli yenye gia za nje na cheni nyembamba iliyo wazi kwa vumbi, kisha sifa zote wanaupa mkanda. Ulinganisho wa haki ungechukua gia zilezile za ndani na kuzifunga cheni pana ndani ya kasha lililozibwa kabisa, kama baiskeli nyingi za Uholanzi zilivyotengenezwa kwa vizazi kadhaa. Cheni ya namna hiyo haipindi kushoto na kulia, hainyeshewi, haigusi nguo, na inaweza kukaa muda mrefu sana bila kuangaliwa. Tatizo la cheni nyingi ni kwamba ziko uchi, na kuivika cheni kasha ni nafuu kuliko kuiondoa. Watetezi wa mkanda hujibu kwamba kasha hugongana na cheni, huongeza uzito kidogo na humsumbua fundi wakati wa kuziba pancha ya gurudumu la nyuma. Jibu hilo ni la kweli, lakini linatetea tofauti ndogo kuliko ile inayotangazwa.

Njia ya tatu, ya umeme mtupu, nitaipitia kwa haraka. Mwaka 2021 kampuni ya Schaeffler ya Ujerumani ilionyesha mfumo wa Free Drive, ambao pedali huzungusha jenereta na mota huzungusha gurudumu, bila chochote kinachoziunganisha isipokuwa waya. Tukichukulia kwamba jenereta na mota kila moja ina ufanisi wa asilimia 90, mpandaji anabaki na asilimia 81 ya jasho lake, na betri ndiyo inayoziba pengo. Kwa baiskeli ya mizigo yenye magurudumu matatu, ambayo cheni yake ingekuwa ndefu na yenye kona, mbunifu anapata uhuru mkubwa wa kupanga fremu, na hapo naiunga mkono. Kwa baiskeli ya kawaida siioni hoja, kwa sababu betri ikiisha, miguu haina kiungo cha moja kwa moja na gurudumu.

Swali la gharama, basi, haliwezi kujibiwa kwa bei ya mkanda peke yake. Mkanda ni ghali mara kadhaa kuliko cheni ya kawaida, na gia zake pia. Hata ukidumu mara tatu, akiba inakuja tu kwa mtu ambaye angebadilisha cheni mara kwa mara, au ambaye muda wake wa matengenezo una thamani. Anayepanda umbali mfupi mara chache hatairudisha fedha hiyo. Zaidi ya hayo, kila fremu huhitaji mkanda wa urefu wake maalumu, wakati cheni hupunguzwa pingili kwa kifaa kidogo na kupatikana karibu kila mahali baiskeli zinapotengenezwa. Msafiri wa mbali anayetumia mkanda hana budi kubeba wa akiba.

Kwa sababu hizo, ushauri wangu kwa anayesitasita ni kuanza na fremu. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mkanda, yenye mpasuko na ugumu unaotakiwa, hukubali cheni pia. Anaweza kuinunua ikiwa na gia za ndani na cheni, aipande msimu mzima wa mvua, kisha aamue. Akiona kuisafisha cheni kunamgharimu muda kuliko alivyotarajia, mkanda na gia zake mbili, ya mbele na ya nyuma, vitaongezwa. Na siku mkanda wa urefu huo ukikosekana sokoni, cheni itarudi bila fremu kuguswa.